Mama Aliyekuwa Anangoja

Tangu Lokule, mtafsiri wa zamani, augue kifua na kurudi kwao Lobule, tamthilia ya Jumamosi ilikuwa inaeleweka, na hilo ndilo lililomkera Ayikoru. Mtafsiri mpya, mwalimu mmoja aitwaye Jane, alisimama kando ya televisheni katika banda la video mjini Arua na kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili neno kwa neno. Sasa watu walijua nani mtoto wa nani na nani kamdhulumu nani shamba. Ayikoru mwenyewe alikiri kwamba kanda za mwezi huu zilikuwa tamu. Alicheka, na mara mbili alilia. Lakini yule mama wa kwenye tamthilia mwenye kilemba cheupe, rafiki yake, hakuwepo tena. Sura ilikuwa ile ile, ila siku hizi alizungumzia bei ya ng'ombe na kugombana na wakwe.

Enzi za Lokule, mama huyo alikuwa akimngoja mumewe aliyepotea vitani. Kila Jumamosi alisimama dirishani akisema mume atarudi, ana kichwa kigumu, si mtu wa kufa ovyo. Ayikoru naye alikuwa na wake, Abiriga, ambaye walipotezana njiani mwaka wa sabini na tisa, watu walipokimbilia Kongo. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita. Shemeji yake, Ocama, alishakuja mara nne kuomba waweke matanga hata bila maiti, na mara nne Ayikoru alimfukuza akisema hakuna marehemu hapa. Majirani walichoka kumsikiliza. Aliyebaki kumwelewa ni yule wa kwenye video, na ukiona mtu mzima anafarijiwa na sanduku la umeme usimcheke sana, hujui nyumbani kwake kuna ukimya gani.

Jumamosi ya nne uvumilivu ulimwishia. Alidandia lori la asubuhi la Koboko, akatembea hadi Lobule, akamkuta Lokule amejilaza mkekani, amekonda. Alimshtakia Jane na utafsiri wake. Kisha akamwomba amkumbushe ni lini hasa yule mama alisema mumewe yuko njiani.

Lokule alitazama chini.

"Mama, mimi Kingereza najua kidogo tu. Ile maneno ilikuwa yako. Wewe nauza njugu pale mulango, nasema na watu juu ya muzee Abiriga. Mimi nasikia, naweka kwa mudomo ya yule mama."

Ayikoru alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Miaka miwili alikuwa ameketi bandani akijifariji mwenyewe, tena kwa kiingilio. Hakukuwa na mwingine aliyengoja pamoja naye, hata kwenye video. Alimwachia mgonjwa njugu alizombebea, akaaga.

Aliposhuka Arua jua lilikuwa bado kali. Alipita moja kwa moja kwa Ocama, akamkuta akitia jembe mpini. Alipopewa kiti alikikataa.

"Shemeji, tafuta siku ya matanga," alisema. "Mimi nitapika."