Fundi wa Kubahatisha

Haya, wewe uliyekaa hapo, hiki ni chako. Nina mshonaji, sindano yake moto, uzi wake chuma, na nguo anayoishona maji hayapenyi. Mtaje. Kama humjui, usikimbilie kunipa mji. Kaa nacho kwanza. Huko Likoni alikuwako mtu aliyelijua jibu tangu mwanzo, akalifungia kifuani, na nusura liwakoseshe safari yeye na mkewe.

Mtu huyo ni Boga wa Mwidani, mume wa Mwanasaumu. Kila asubuhi alivuka kivuko akapanda basi mpaka Changamwe, kwenye matangi ya mafuta, akavaa kofia yake ya kioo cheusi, akachomelea mabomba hadi saa ya kurudi. Na mabomba yake yalijulikana. Kazi ile hujaribiwa kwa povu: bomba hujazwa upepo, kiungo kikapakwa sabuni, na pakiwa na tundu, hata dogo kama la sindano, povu huchemka. Kwenye viungo vya Boga povu lililala kama maziwa bakulini. Lakini katika karatasi za kampuni, mwaka wa tisa huo, aliandikwa "msaidizi". Msaidizi wa nani, hakuna aliyejua, maana hao aliowasaidia ndio waliomwita mambo yakiwaharibikia.

Mwaka ulikuwa wa sitini na tatu. Uhuru ulikuwa mlangoni na kila mtu alikuwa na lake la kutazamia. La Mwanasaumu lilikuwa Kanada.

Kanada iliingia nyumbani mwao juu ya pakiti ya sigara. Meli ya huko ilipasukiwa na bomba la mvuke bandarini Kilindini, Boga akaazimwa kutoka Changamwe, akalishona kabla maji hayajajaa. Mhandisi wa meli akapitisha kidole juu ya kiungo, taratibu, kama mtu apapasaye hariri dukani. "Kwetu wanatafuta mafundi kama wewe," akasema. "Omba, uende na mkeo, mkae huko daima mkipenda." Akaandika anwani kwenye pakiti, na baadaye akatuma barua ya kumsifu Boga, ndefu kama risala ya harusi.

Mwanasaumu alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, basi kazi ya karatasi ikawa yake. Akaagiza fomu. Akampeleka mumewe kupigwa picha kwa koti la kuazima lililommeza mikono. Bi Waridi, mama yake Boga, akaenda kwa mudiri, afisa wa serikali, kuapa kwamba alimzaa mwanawe mwaka wa nzige, na alipoulizwa tarehe akasema, "Mwanangu, nzige hawaji na kalenda." Kifua kikapimwa hospitali, kikaonekana safi. Mwanasaumu alitaka kuiona theluji, hilo hakuficha, lakini shauku yake hasa ilikuwa nyingine. Alitaka pawe na karatasi moja duniani iliyomwandika mumewe kwa jina la kazi yake.

Ikabaki karatasi moja tu, kiapo cha ujuzi. Kwa kuwa kampuni ilimwandika msaidizi, Boga alitakiwa aueleze ujuzi wake kwa kinywa chake mbele ya karani wa ofisi ya leba, naye karani aandike kama alivyosikia. Karani huyo aliitwa Jefwa, mtu wa Kaloleni, mlokole, asiyejua kuongeza neno wala kupunguza.

"Bwana Boga," akamuuliza siku hiyo, "katika kuchomelea, ujuzi wako ni wa kiasi gani?"

Boga akainamisha kichwa. "Alhamdulillahi, twabahatisha tu."

Jefwa akaandika.

"Umeifanya kazi hii kwa muda gani?"

"Ah, siku mbili tatu."

Jefwa akaandika.

"Waweza kufanya peke yako, bila msimamizi?"

"Mungu akijalia."

Yote yakatiwa Kiingereza neno kwa neno, yakapigwa muhuri, yakatiwa posta.

Nawe usimcheke Boga. Mtu wa pwani mwenye malezi ungetaka ajibu vipi? Ukiisifu pilau, mpishi atakuambia chumvi imezidi. Ukimwambia kanzu imempendeza, atasema ni ya siku nyingi. Marehemu Mwidani, baba yake Boga, alikuwa akichonga milango ambayo watu walivuka maji kuja kuitazama, na akiulizwa nani kachonga, hujibu, "Mkono tu." Boga alilelewa chini ya milango hiyo.

Miezi miwili ikapita, jibu likaja. Mwanasaumu alikuwa akikuna nazi mumewe alipoingia na bahasha, uso umemshuka. Karani Jefwa alikuwa ameandika maana yake kwa Kiswahili pembeni, naye Mwanasaumu akasoma kwa sauti:

"Mhandisi wa meli asema mwombaji ni fundi wa daraja la kwanza. Mwombaji mwenyewe aapa kwamba hubahatisha, na kwamba ameifanya kazi hii siku mbili au tatu. Tumwamini nani? Nchi haihitaji watu wa kubahatisha moto. Kiapo kipya kitumwe kabla ya mwisho wa mwezi, au faili litafungwa."

Mwanasaumu akaiweka mbuzi ya nazi kando. "Baba Dhahabu," akasema, maana binti yao aliitwa Dhahabu. "Ulimwambia karani nini?"

"Nilimjibu kwa adabu."

"Siku mbili tatu ni adabu?"

"Ulitaka nimwambie nini, Mama Dhahabu? Kwamba hakuna kama mimi?"

"Ndiyo!"

Bi Waridi akatia neno kutoka barazani. "Mwanangu hajisifu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Ni kweli, mama," akajibu Mwanasaumu. "Lakini Kanada ni mbali. Chema hakiijui njia."

Basi wakaanza mazoezi. Mwanasaumu alimsimamisha mbele ya mtungi wa maji, aufanye karani. "Sema: mimi ni fundi."

"Mimi ni…" Boga akakohoa. "Mimi ni mtu wa Likoni."

"Hilo mtungi unalijua. Tena."

"Mimi ni fu… Hivi mtungi huu haujapata ufa?"

Siku tatu walifanya hivyo, na mtungi ukatoka bila kujua lolote. Siku ya nne Boga akatamka "fundi" lote, akaongeza hapohapo, "kidogo." Mwanasaumu akakaa juu ya kinu akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Boga akaona.

Na ajabu ni kwamba mtu huyu alikuwa na majivuno, tena makubwa, ila yalikuwa mahali pamoja tu. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya vitendawili; baada ya kula, kutega na kutegua. Anayeshindwa hutoa mji. Bi Waridi alikuwa amekwisha kutoa Lamu, Tanga, Unguja, na siku moja Makka yenyewe, akajuta akaomba toba. Lakini Boga, katika miaka sita ya ndoa, hakuwahi kumpa mkewe hata kijiji. Usiku angelala na njaa, lakini mji hatoi.

Ikafika Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Wakavuka wote watatu, Dhahabu mgongoni mwa mama yake. Bi Waridi alifuata, alivyosema, kuhakikisha mwanawe hamwaibishi. Karani Jefwa aliwapokea vizuri, akawapa benchi, akachovya kalamu.

"Bahasha inaondoka saa sita," akasema. "Bwana Boga, nakuuliza tena. Katika kuchomelea, ujuzi wako ni wa kiasi gani?"

Jasho likamtoka Boga. Akamtazama mama yake, akatazama dari. "Twaj…"

Kalamu ikakwaruza. "Nimeandika 'twaj'," akasema Jefwa. "Niendelee?"

"Karani, ngoja!" Mwanasaumu alikuwa amesimama. "Hilo lifute. Baba Dhahabu, nitazame mimi. Nakutegea."

"Hapa? Ofisini?"

"Hapa hapa. Nina mshonaji, sindano yake moto, uzi wake chuma. Mvua kubwa ya mwaka juzi ilizoa ukingo wa barabara, bomba lake likabaki likining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo, na halikudondosha tone. Wenzake wakishona, povu huchemka. Akishona yeye, povu hulala. Mtaje."

Saa ya ukutani ikagonga robo.

"Mama Dhahabu, unajua kwamba najua."

"Sijui kitu. Mtaje."

"Siwezi."

"Umeshindwa? Basi nipe mji." Akanyosha mkono, kiganja wazi. "Nauchagua mwenyewe. Nipe Kanada. Nitakwenda na Dhahabu, na wakiniuliza mume wangu yu wapi, nitawaambia amebaki Likoni, alishindwa na kitendawili."

"Mji sitoi!" Boga akaruka, na benchi ikaruka naye.

"Basi jibu."

Akamgeukia mama yake kama mtoto aliyebanwa. Bi Waridi alikuwa akirekebisha buibui lake, polepole, bila kumtazama mtu. "Kujisifu nilikukataza," akasema mwisho, "wala sijabadilika. Lakini mtu akitegewa hujibu. Kunyamaza na jibu unalo, mwanangu, huko ndiko kukosa adabu. Wamweka mwenzio na mkono hewani."

Karani Jefwa aligeuza karatasi upande ulio safi, akailaza kalamu juu yake.

Boga akautazama ule mkono wa mkewe, mweupe kwa unga wa muhogo wa asubuhi, bado umenyoshwa, bado unasubiri. Akavuta pumzi kama avutavyo kabla ya kushusha kile kioo cheusi usoni.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nani?" akauliza Jefwa. "Niambie, niandike."

"Mimi Boga wa Mwidani. Fundi wa kuchomelea, mwaka wa tisa huu, bila msimamizi. Na chuma nilichokishona mimi, karani, hakivuji."