Zamu ya Mkia

Mwanamke ambaye hakuna aliyekuwa akimtarajia aliusukuma mlango wa ofisi kwa bega, mwavuli ukimchuruzika maji mkononi. Nyuma yake waliingia wasichana watano wenye viatu vya matope. Wakalikanyaga zulia la kijivu na kusimama wamebanana kama njiti za kiberiti.

"Sisi ndio wale wa ziara," akasema, bila hodi wala salamu. "Mimi ni matroni wao. Tuliambiwa wasichana wataonyeshwa mtandao."

Bosi alichomoza kichwa kutoka chumbani kwake. "Ziara gani tena?" Kisha akakumbuka. Aliiahidi mwenyewe kwenye mkutano mmoja wa wafanyabiashara, akapigiwa makofi, na makofi yalipokwisha akasahau.

"Kumbe siku hizi tunalea," alisema Profesa bila kugeuka. Huyo ndiye aliyekuwa mkongwe wa kutengeneza tovuti pale ofisini, na jina hilo alipewa kwa sababu ya miwani yake na majivuno yake.

Macho ya bosi yakazunguka chumba kizima, yakatua kwa Kinda. Kinda alikuwa mdogo kuliko wote, ametoka chuo juzijuzi tu, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Siku hiyo ndiyo bosi angeamua kama anabaki au anafungasha. Ofisi nzima ilijua, hadi mfagizi.

"Wewe Kinda, wapeleke chumba cha mikutano. Waonyeshe upesi, waondoke. Mteja wa magodoro yuko njiani na wewe ndiye utakayemwonyesha tovuti yake mpya. Hapo ndipo nitakapokupima. Akifika, sitaki kuona hata kisigino cha mtoto."

Chumba cha mikutano kilikuwa na kompyuta moja tu, ile ambayo Profesa alikuwa ameiacha baada ya kupewa mpya. Matroni alijiweka mlangoni kama askari. "Msiguse kitu," akawaambia wasichana. "Atakayeharibu atanijua mimi ni nani."

"Samahani, mama," Kinda akasema. "Wasipogusa hawatauona mtandao. Wataona kioo tu."

Matroni akamkata jicho, lakini akasogea kando kidogo.

Kinda aliwaeleza kwamba ukurasa wa mtandao ni maneno tu ambayo mtu ameyaandika, yakahifadhiwa kwenye kompyuta nyingine isiyozimwa, inayoitwa seva. Yeyote mwenye anwani anaweza kuyaomba, na seva humpa, awe chumba cha pili au ng'ambo ya dunia. Aliyasema haya kwa moyo wote, mikono ikimsaidia. Aliyapenda tangu chuo, na hakuwahi kuyachoka.

"Dada, na wewe wanakulipa kwa kusema hivyo?" akauliza msichana mmoja mwenye mdomo usiotulia. Wenzake walimwita Redio. Wote wakaangua kicheko, isipokuwa mmoja aliyekaa pembeni kabisa, viganja vyake amevikalia.

"Na wewe je?" Kinda akamwuliza. "Hutaki kuanza?"

"Huyo ni Mkia," Redio akajibu kwa niaba yake. "Usijisumbue naye, dada. Zamu haijawahi kumfikia katika ziara yoyote. Kiwandani walizima mashine kabla yake. Benki gari likapiga honi. Ni nuksi yake tu."

"Leo hatoki mtu humu bila kuandika ukurasa wake," Kinda akasema, akimtazama Mkia. "Nakuahidi."

"Watu wazima wanapenda kuahidi," Mkia akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aingie.

Wakaanza. Wa kwanza aliandika kuhusu paka wake. Wa pili aliandika kwamba hesabu ni adui wa binadamu. Wa tatu alitaka rangi ya waridi kila mahali, akaipata. Redio alikunja mikono ya sweta kama mpishi anayekabili sufuria kubwa, akaandika: *Matroni wetu anakoroma kama trekta bovu.* Kabla Kinda hajasema neno, akabonyeza kuhifadhi. Wasichana wakaziba midomo, mabega yakiwatetemeka.

Kinda hakujua kwamba Profesa, asiyependa kufanya kazi moja mara mbili, alikuwa ameipanga kompyuta ile kwa njia yake ya mkato. Chochote kilichohifadhiwa kwenye sehemu ya majaribio kilijinakili chenyewe kwenye tovuti ya mteja wa magodoro. Alipoiacha hakuiondoa njia hiyo, wala hakumwambia mtu. Kwa hiyo paka, adui wa binadamu na rangi ya waridi vyote vilikuwa vimepita kwenye ukurasa wa mbele wa magodoro, kimoja baada ya kingine.

Kelele zilianzia mapokezi. Mlango ukafunguka kwa kishindo, na mtu mnene akasimama pale, simu juu kama anayeonyesha ushahidi. Nyuma yake walikuwa bosi na Profesa.

"Nani anakoroma?" mteja akafoka. "Niliwapa kazi ya kuuza usingizi, nyie mmeniwekea trekta!"

"Trekta gani?" matroni akauliza. Akainama kwenye kioo, akasoma. Redio akajificha nyuma ya mwenzake mrefu. "Ahaa," matroni akasema taratibu. "Tutaonana bwenini."

Profesa aliikodolea macho kompyuta, na Kinda akaona rangi ya uso wake ikibadilika. Alibonyeza hapa na pale, akaikata ile njia ya mkato, na ukurasa wa magodoro ukarudi. "Nilisema mimi," akanung'unika. "Watoto na mitambo wapi na wapi!"

"Hiyo ni njia yako ya mkato," Kinda akamwambia. "Nimekuona ukiitoa."

"Usininyooshee kidole, kinda wewe!"

"Basi!" bosi akakata. "Hawa watoke sasa hivi. Na wewe uje ukumbini hapo jirani, umwombe mzee radhi, umwonyeshe tovuti yake. Akiridhika, nitayasahau haya na kazi utaipata."

Mkia alikuwa amekwisha kusimama. Alifika mlangoni wa kwanza, sweta amelifunga vifungo vyote, kama mtu anayeijua njia. Hakulia, na hilo ndilo lililomchoma Kinda.

"Bado mmoja," Kinda akasema.

"Bado nini?"

"Bado msichana mmoja, bosi. Nimemwahidi. Hatachukua muda."

Mteja akaguna. Profesa akacheka puani. Bosi akasogea, akashusha sauti, na sauti ile ya chini ilikuwa mbaya kuliko ya juu. "Sikiliza, binti. Ama ukumbini, ama hapo. Ukibaki hapo, Jumatatu usijisumbue kuja."

Kinda alimfikiria mama yake, aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe kapata ajira. Akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Njoo ukae," akamwambia Mkia.

Bosi akamgeuzia mgongo. "Profesa, onyesha wewe," akasema, na wale watatu wakaondoka, mlango ukibamizwa nyuma yao.

"Watakufukuza," Mkia akanong'ona.

"Wameshanifukuza. Andika."

Mkia alitoa mikono makwapani. Aliandika kwa kidole kimoja, akiisaka kila herufi kama sindano kwenye majani. Kinda alitamani kumsaidia, akaifunga mikono yake mgongoni. Upande wa pili wa ukuta Profesa alikuwa akimsomea mteja maneno ya tovuti, yale ambayo Kinda aliyatunga kwa siku nzima, na mteja alikuwa akicheka kwa furaha.

Mkia alipohifadhi, matroni alitoa simu mkobani, uso bado umekunjamana. "Nisomee hiyo anwani," akaamuru. Kinda akaisoma. Ukurasa ukafunguka kiganjani mwa matroni: jina la msichana, lile alilopewa na wazazi, na la baba yake.

Mkia akaikaribia simu mpaka pua ikaigusa. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Sijaweka la babu," akasema.

"Tutachelewa gari," akasema matroni.

"Ongeza la babu," Kinda akasema, akamrudishia kiti. "Nakungoja."