Shimo la Mihogo Juu ya Chemchemi

Kwa wiki ya tatu maji ya robine, bomba letu la kijiji, yalikataa kugeuka rangi, na watu wakaanza kumsema vibaya Laurette.

Laurette ndiye anayetia klori katika tangi la kijiji chetu, huku mlimani juu ya Kiringye. Kila asubuhi anajaza kichupa cha kioo kwenye robine, anadondosha ndani kidonge kidogo na kutikisa. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klori ipo, tunakunywa. Yakibaki bila rangi, inabidi kuchemsha kwanza, na si kila nyumba ina kuni za kuchemsha maji ya siku nzima.

Nimemjua tangu anabebwa mgongoni. Akiona mzee kwenye mstari humwita mbele. Bidoni yangu ya maji huiinua yeye mwenyewe mpaka kichwani, kisha hunishika kiwiko mpaka nimalize kuvuka matope.

Alhamisi ile alitikisa kichupa mpaka mkono ukachoka.

"Tikisa tena," alisema Délice, aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari.

"Nimetikisa, dada."

"Basi tia klori, weye! Ama klori yetu imeuzwa sokoni Kavimvira, inafua mashati ya watu?"

Watu walicheka. Délice mwenyewe hakucheka. Watoto wake wawili walikuwa wametundikiwa chupa za serum zahanati juma lililopita kwa sababu ya kuhara, na yule mdogo alikuwa bado mgongoni mwake, kichwa kimelala upande.

"Minye natia kila siku," Laurette alijibu. "Jana niliongeza hata vijiko viwili."

"Na vimenywewa na nani?"

Mama Blandine, prezida wa komite ya maji, akasema mbele ya wote kwamba kikao kitakuwa Jumapili baada ya misa. Kama Laurette hatakuwa na la kueleza, atarudisha ufunguo wa tangi na kazi itapewa mtu mwingine.

Mchana alikuja kwangu. Nilikuwa nimetandaza mihogo iliyokwisha kulowa, naianika juani. Hakungoja kuombwa. Aliketi akaanza kuimega vipande na kuvipanga kwenye mkeka huku akizungumza.

"Nyanya, angalia daftari langu. Jumatatu waridi. Jumanne waridi. Jumatano asubuhi waridi. Alhamisi hakuna kitu, Ijumaa hakuna kitu, Jumamosi inaanza kurudi. Wiki mbili nzima ni hivyo hivyo, na hii ya tatu inafuata njia ileile. Klori ni ileile, kijiko ni kilekile, mkono ni huu huu."

"Na muuguzi anasemaje?"

"Anasema uchafu ukiwa mwingi katika maji, klori inaisha ikipigana nao. Lakini uchafu gani? Ng'ombe hawapandi kule. Choo hakuna. Sévère analinda chemchemi vizuri."

Nilitazama mihogo iliyokuwa kati yetu. Nilikuwa nimeitoa majini Jumatano.

Wanawake wa kwetu huloweka mihogo bondeni, katika madimbwi karibu na mto. Kushuka ni saa nzima, na kupanda na beseni la mihogo iliyolowa ni zaidi. Baada ya Pasaka goti langu lilivimba, nikashindwa. Ndipo nilipomwomba Sévère, mlinzi wa chemchemi. Kuzunguka chemchemi kuna waya wa miiba, na ndani yake, hatua chache juu ya sanduku la beto, lililojengwa kwa saruji, linalokusanya maji yanayokwenda tangini, udongo umelowa mwaka mzima. Sévère aliinua waya kwa fimbo. "Pita taratibu, Nyanya, usijichane," aliniambia. Nikachimba shimo langu pale, nalo likajaa maji lenyewe. Maji baridi, safi. Sijawahi kupata unga mweupe kama ule. Kila Jumamosi niliweka mihogo, Jumatano nikaitoa na kumwaga yale maji machungu ili mapya yaingie. Yalinywewa na udongo pale pale, nami nikaona yamekwisha.

Ningeona ng'ombe pale ningemfukuza kwa mawe. Mtoto angejisaidia pale ningemchapa. Lakini mihogo ni chakula. Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia mtu akiita mihogo uchafu.

Nilitaka kumwambia Laurette saa ileile. Neno lilifika mdomoni, nikamkumbuka Sévère na ile fimbo yake. Ana watoto watano, na kazi yenyewe ni hiyo moja. Nikasema, "Tutaona Jumapili, mwanangu." Naye alinishukuru kwa kumsikiliza. Alifagia maganda yote uani kwangu kabla ya kuondoka.

Ijumaa nilishinda nikigeuza mihogo juani. Jumamosi sikupanda chemchemini kuweka mihogo mingine.

Jumapili tuliketi nje ya kanisa, kwenye mabenchi. Kabla hata hajaitwa, Laurette aliweka ufunguo juu ya meza ya Mama Blandine na kurudi kuketi, macho chini. Nikasimama.

"Mrudishieni ufunguo wake," nilisema. "Kinachokula klori ni mihogo yangu."

Walicheka kwanza. "Nyanya Generose, mihogo yako imeogelea mpaka ndani ya tangi?" mtu mmoja aliuliza.

Nikawaeleza shimo liko wapi, na jinsi maji yake yanavyopenya udongoni na kushukia sandukuni, na siku ninazoweka, na siku ninazotoa. Laurette alifungua daftari lake, akafuata siku zile kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kicheko kilikufa.

"Na ulipita waya namna gani?" Mama Blandine aliuliza.

"Nilipita tu."

Nyuma kabisa Sévère alivua kofia. "Nyanya anadanganya. Kwa goti lile atapita waya gani? Minye ndiye niliinua."

Watu hawakujua wacheke au wakasirike. Mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama Délice, kwa sababu watoto waliougua ni wake. Na mimi nilimtazama. Nilikuwa tayari kwa neno lolote.

"Samahani, binti yangu," nilimwambia. "Sikujua. Na nilipojua, nimekaa siku tatu bila kusema."

Alimsogeza mtoto mgongoni.

"Shimo iko na nini sasa?" aliuliza.

"Matope na vipande vilivyooza."

"Basi yatoke leo," alisema, akainuka.

Tulipanda hivyo hivyo tulivyokuwa tumevaa. Mimi nilifika wa mwisho, Laurette akinishika kiwiko kama kawaida. Walichota matope kwa mabeseni na kuyapeleka mbali, upande wa pili wa kilima. Mama Blandine naye alibeba, amevaa kikwembe chake cha misa, na maji machungu yakimtiririka shingoni.

"Nyanya, bugali ya hii mihogo ilikuwa tamu kweli?"

"Tamu sana, Mama Prezida."

"Ndiyo maana hukutualika!"

Shimo lilijazwa udongo mgumu. Laurette aliingia ndani ya sanduku la beto akalisugua lote. Sévère alipewa adhabu ya kuchimba mfereji juu ya chemchemi, peke yake, ili maji ya mvua yazunguke. Aliuanza palepale, bila kunung'unika. Mihogo yangu, wanawake walikubaliana kuishusha bondeni pamoja na yao, kila wiki kwa zamu.

Lakini ufunguo ulibaki kwa Mama Blandine, na ndiye aliyemfungulia Laurette tangi kila asubuhi atie klori. Ni Laurette mwenyewe aliyetaka hivyo. "Ngojeni Alhamisi," alisema. "Kama nimekosea, mtaona."

Jumatatu maji yalikuwa waridi. Jumanne pia. Hilo halikumshangaza mtu. Jumatano jioni wengine walikuwa wakisema labda mimi na Laurette tumetunga hadithi.

Alhamisi jua lilikuta mstari wa bidoni umefika mpaka barabarani. Laurette alijaza kichupa. Kidonge cha kwanza kilianguka chini, akachukua kingine. Alitikisa. Aliinua kichupa kwenye mwanga.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha chini kabisa pakatokea wingu dogo, likapanda, likatawanyika, mpaka maji yote yakawa kama ndani ya pera lililoiva.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Blandine alitoa ufunguo katika fundo la kikwembe, akamwekea Laurette kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

"Iko sawa?" Délice aliuliza.

"Leo iko sawa. Kesho nitapima tena."

Délice alisogeza bidoni yake chini ya robine. Halafu akafungua kitambaa mgongoni, akamtoa mtoto, akamnyoshea Laurette.

"Nishikie huyu, nichote."

Laurette alimpokea. Mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akashika hereni yake kwa mkono mzima na kuanza kuivuta.