Mfuga Nyuki kwenye Meza ya Gordy

Katika mchezo wao wa mezani, ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wa kubuni na dadu huamua bahati yake, Marlys alimpa mhusika wake ufugaji nyuki, kazi anayoifanya kwa mapenzi yeye mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Kurt alicheka mpaka akamwaga bia. "Joka likija utalipaka asali, bibie?"

Sasa shujaa wa Kurt, aliyemchezesha tangu chuoni, alikuwa amenasa pangoni kati ya nyuki wakubwa kama ng'ombe. Wakimuuma tena, amekufa.

"Weka upanga chini," Marlys akasema. "Nawasha majani mabichi mlangoni. Wakinusa moshi watakimbilia kula asali, na wakishiba wanakuwa wazito. Toka polepole."

Gordy, mwendesha mchezo, akasogeza dadu kando. "Hapa hatuhitaji bahati. Umepona, Kurt."

Kurt akashusha pumzi. "Dada Marlys, hiyo mizinga yako, kesho nakuja kuiona."