Mkono wa Job

Mbinya, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa akisugua sufuria ya ugali kwenye mfereji wa ploti yao, Makongeni, alipogundua kwamba mkono wa Job, mpenzi wake, haujaondoka. Job mwenyewe alikuwa ameshakwenda kwao kitambo. Walikuwa wamekosana nyuma ya kanisa kwa sababu Mbinya alimsalimia mvulana wa kwaya, na Job akamkamata juu ya kiwiko, akabana. "Unaniona fala, eh?" Kisha akaenda zake, mkono ukabaki umeshika. Ulikuwa umeachana naye kwenye kifundo cha mkono, bila damu wala nini.

Mbinya akaupaka sabuni uteleze. Ukakaza zaidi. Basi akamngoja mama yake, Nthoki, maana mama ndiye aliyemng'oa meno yote ya utotoni kwa uzi, na hakuna kilichowahi kumshinda.

Nthoki aliporudi kutoka kuuza mboga soko la Burma, akauminyaminya ule mkono kama anayechagua nyanya.

"Wa nani?"

"Wa Job."

"Job wa Mzee Mulama? Hao ni watu wa kanisa." Akaenda kuleta kikata kucha. "Uwe unazikata, zisikuchune. Na uupake mafuta, ukikauka unakwaruza."

"Mama, mimi nataka utoke!"

Nthoki akavua sweta. Shingoni pake palikuwa na mkono wa kulia wa Mutie, babake Mbinya. Mbinya aliujua. Alipokuwa mtoto wa mgongoni alikuwa akilala ameushika kidole gumba, na hakuwahi kuuliza ulifikaje pale. Mutie alikuwa sebuleni akitazama mpira, akila kwa mkono wa kushoto. Akaitisha chumvi.

"Unazoea," Nthoki akasema, akampelekea chumvi.

Hapo Mbinya akalia, akalia kweli, kwa sababu alikuwa amemtegemea mama. Job akapiga simu.

"Niaje. Mkono yangu iko poa?"

"Iko poa."

"Unajua nakupenda, sindio?"

"Najua."

Kesho yake blauzi ya shule ikakataa kuingia. Wakaenda kwa Khalayi, fundi wa nguo wa pale mtaani, aliyekuwa na cherehani yake barazani. Khalayi hakuuliza mengi. Blauzi za wateja zilizoning'inia nyuma yake karibu zote zilikuwa zimepanuliwa mahali, hii begani, ile kiunoni, nyingine kolani.

"Nikate ienee vile ulivyo sasa?" akauliza, chaki mkononi.

Nthoki akawaza kidogo, vile anavyowaza kila Januari akinunua sare.

"Aa, acha nafasi, dada. Kijana mwenyewe bado anakua."

Khalayi akaongeza inchi mbili, na Mbinya akasimama wima apimwe.