Marufuku Kuongeza Udongo

Tone la kwanza lilimwangukia Yotham kwenye paji la uso. La pili likamwingia sikioni. Emilia akainuka kusogeza kitanda.

Si kazi ndogo kusogeza kitanda chenye mwanamume juu yake, hasa mwanamume aliyekufa ganzi upande wa kushoto na upande wa kulia bado unataka kucheka. Emilia alishika chaga kwa mikono miwili, akaegemeza mgongo ukutani, akavuta. Miguu ya kitanda ikachimba sakafu ya udongo, ambayo tangu alfajiri ilikuwa tope.

"Tumefika wapi?" Yotham akauliza.

"Karibu na mafiga."

"Basi mradi umeanza, Mama Anitha. Abiria wa kwanza mimi hapa. Kila ikinyesha nahamishwa kituo."

Emilia hakucheka. Alikuwa anaangalia juu, mahali ambapo boriti ilianza kuonyesha mgongo wake mweusi kama ng'ombe aliyekonda. Nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo, inataka udongo kila mwaka. Kabla ya mvua za Desemba unapanda juu na udongo wa kichuguu, unatandaza, unashindilia, unaziba nyufa. Tangu aolewe hakuwahi kuruka mwaka, hata ule aliozaa. Mpaka walipokuja wathamini.

Walikuja na tepu za kupimia na kofia za njano. Walisema hapa itapita treni ya mjini, ya kupeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, kutoka upande wa Hombolo mpaka Dodoma. Na kituo kimoja kitasimama hapa hapa, juu ya nyumba yako, mama, hongera. Walipima vyumba, wakaacha amri: kuanzia leo mtu asiongeze kitu. Atakayeongeza ni tapeli, na fidia ataisikia kwa jirani. Halafu wakaondoka kwenda kutafuta pesa za mradi.

Stanley, mtendaji wa kijiji, alikuwa akileta habari za pesa hizo kama mtu anayeleta habari za mgonjwa aliyelazwa. Zimeahidiwa. Zinaangaliwa upya. Wafadhili wamezitazama wakazirudisha. Sasa zinaendelea vizuri. Mvua za miaka miwili zilikuwa zimepita juu ya paa lisiloguswa. Hii ilikuwa ya tatu. Bila fidia, Emilia na mumewe hawakuwa na pa kwenda. Binti yao Anitha alikuwa anapeta mahindi ya watu kule Kibaigwa, na chumba alichopanga kilitosha yeye na ungo wake.

Mvua ilipokatika Hilda, jirani yake, alikuja na bakuli la mlenda. Alisimama mlangoni, akaangalia dari, akaguna.

"Panda uongeze udongo, Mama Anitha. Jumapili, watu wakiwa kanisani. Nani atakuona?"

"Na wewe mbona hupandi?"

"Nipande kufanya nini? Mimi nina bati."

Ndiyo, alikuwa na bati. Liliingia mwaka ule ule wa wathamini, na Emilia hakuwahi kuuliza limetokea wapi. Alikuwa anasubiri Hilda aseme mwenyewe. Alipokea mlenda, akashukuru, na Hilda alipoondoka akabaki akijiuliza: kwa nini huyu anataka nipande?

Lakini Jumapili alipanda. Kengele ya kanisa ilipolia alikuwa tayari juu, karai kichwani. Alitandaza udongo upande wa kitanda tu, akaupiga kwa ubao polepole, kama anayembembeleza mtoto. Usiku ule ilinyesha na Yotham akalala mahali pamoja mpaka asubuhi.

Asubuhi hiyo pikipiki ya Stanley ikazimwa uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Naona nyumba imenenepa."

Emilia akafuta mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa mikavu. "Nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Paa jekundu hivi, linaonekana toka barabarani."

Emilia alimtazama usoni alipokuwa anasema hivyo, kisha akautazama mlango wa Hilda. Ulikuwa umefungwa. Mlango wa Hilda, mchana kweupe, umefungwa.

"Ni udongo tu, Stanley. Udongo una bei gani?"

"Kwako ni udongo. Kwa wataalamu ni uendelezaji. Mimi nakutetea, mama. Wakikukata kwenye fidia, nitakuangaliaje? Kwangua. Leo, mimi nikiwa hapa."

"Baba Anitha analowa humo ndani."

"Tuvumiliane, mama. Treni haiji kwa ubishi."

Sauti ya Yotham ikatoka ndani, nzito upande mmoja. "Stanley! Ulipokuwa mdogo nilikukamata unaiba zabibu zangu, nikakupa na mfuko wa kubebea. Ndiyo umekuja kurudisha mfuko?"

Stanley akacheka kwa heshima. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Ingia basi, nafasi ipo. Leo chumba kikavu."

Stanley hakuingia. Emilia akapanda na jembe. Mabonge ya udongo yakaanguka uani, mazito, bado yana unyevu, na Stanley akarudi nyuma hatua moja ili yasiguse viatu. Emilia alipodhani amemaliza, Stanley akanyoosha kidole. "Na pale pembeni, mama. Pale."

Emilia alimweleza kila jirani jinsi mlango wa Hilda ulivyokuwa umefungwa asubuhi ile. Tangu siku hiyo yeye na Hilda walisalimiana kwa macho ya chini, kisha hawakusalimiana kabisa. Bakuli la mlenda lililoachwa kizingitini Emilia aliwamwagia kuku, na alihakikisha Hilda anaona.

Januari mvua ilikaza. Kona ya nyuma ikaenda kwanza, boriti na ukuta pamoja, kwa sauti ndogo kuliko ilivyostahili. Siku chache baadaye paa la chumba cha mbele likafuata. Wakabaki na kipande cha dari chenye ukubwa wa kitanda, na kitanda chini yake. Hapakuwa na pa kusogea tena.

Wiki hiyo hiyo pikapu ya mjini ilisimama kwenye shamba moja la bondeni, lililouzwa kwa mtu ambaye hakuna aliyemjua isipokuwa Stanley. Vibarua wakashuka na mafungu ya vijiti vya mzabibu, vikavu kama kuni, wakavichomeka ardhini bila kuchimba shimo hata moja.

"Mnapanda nini?" Emilia akawauliza.

"Tunapanda treni, mama," mmoja akajibu, na wenzake wakacheka sana.

Baada ya hapo pesa zikapatikana. Uthamini wa kwanza ulikuwa umepitwa na muda, Stanley alieleza, kwa hiyo unarudiwa. Mthamini mpya aliitwa Anyitike: kijana mpole, buti safi, anasalimia kila mzee. Alianzia bondeni. Alitembea katikati ya vijiti akihesabu, na Emilia akamfuata.

"Baba, hivyo vimechomekwa juzi. Ng'oa kimoja uone kama kina mzizi."

"Mama, mimi kazi yangu kuhesabu. Sing'oi."

Walipofika kwake watu walikuwa wamekusanyika. Anyitike akaizunguka nyumba mara moja, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Hili ni gofu. Gofu halilipwi, mama. Utalipwa ardhi peke yake."

"Lilikuwa nyumba. Nilikatazwa kuongeza udongo."

"Na nani?"

"Na huyu."

Stanley hakukasirika. Alimgeukia Anyitike kama anayemwombea mtu msamaha. "Nilikataza uendelezaji. Ukarabati sikukataza. Mama zetu hawa, unajua tena, Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Alinisikia vibaya."

"Aliniambia kwangua!" Emilia akageuka, akawatafuta watu kwa macho, akampata Hilda nyuma yao. "Hilda, kwako na hapa ni hatua ngapi? Wewe ulisikia. Sema."

Watu wote wakamtazama Hilda. Hilda akamtazama Stanley, kisha Emilia, kwa muda mrefu zaidi.

"Siku ile si ulisema mwenyewe mlango wangu ulikuwa umefungwa?" akasema. "Ukawaambia watu wote. Basi. Ulikuwa umefungwa. Ningesikia nini?"

Anyitike akatoa simu yake ya kazi, akarudi nyuma, akachuchumaa. "Mama, sogea kidogo tafadhali. Unaingia kwenye picha."

"Mimi nakaa hapa."

"Najua, mama. Lakini gofu halina mtu."

Hakusogea. Stanley akaja, akamshika kiwiko taratibu, kama mtoto wa kiume anavyomshika mama yake wakitoka ibadani, akamwongoza mpaka nje ya picha. Simu ikalia mlio mdogo.

Ndani, Yotham akakohoa.

Anyitike akasita. Akaitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaikagua kona kwa kona: ukuta ulioanguka, boriti, kipande cha dari, kivuli cheusi chini yake. Kisha uso wake ukatulia.

"Imetoka vizuri," akasema. "Haonekani."