Wale Wasiochaguliwa

Umeme wa mtaa wa Manundu ulikatika Hamisa akiwa katikati ya pindo la sare ya shule. Cherehani yake ni ya miguu, mgao haiujui. Lakini sindano yake ya mwisho ya kukuza mayai ya uzazi ilikuwa kwenye friji ya soda ya Yuditha, duka la pili. Akatoka mbio.

"Usifungue friji, Yuditha!"

"Leo ndiyo unanipigia kelele? Jana ulipokuwa Mazinde, kazini kwa mumeo, umeme ulikatika mchana kutwa. Soda zilikuwa za moto kama chai."

Hamisa aliishika dawa ile akashindwa kujua kama bado ni dawa. Alimpigia nesi wa hospitali ya Dar anakotibiwa. Nesi akamwambia, "Dunga tu, mama," kwa sauti ya mtu anayekula. Akajidunga tumboni nyuma ya pazia la kitenge. Aliogopa dawa isifanye kazi, na aliogopa ifanye.

Mwanawe wa pekee, Sabiri, alikufa kwa sikoseli akiwa na miaka minne. Hamisa na mumewe Mdoe wote wawili wanao ugonjwa huo katika damu bila kuumwa, na tangu msiba ule kila mimba kwao ni bahati nasibu. Ndipo wakaisikia hospitali ya binafsi kule Dar, kwa kuwa siku hizi mwenye fedha hakosi daktari: mayai yanatolewa, mimba zinatungwa kwenye kichupa, zinapimwa, na ile isiyo na ugonjwa ndiyo inapandikizwa. Mama yake Mdoe, Bi Maryamu, aliuza shamba lake la michungwa la Sindeni, Handeni, ili wapate nauli na matibabu. Aliambiwa ni matibabu ya kizazi. Hakuambiwa zaidi, na hilo lilikuwa kosa.

Mchana Bi Maryamu aliwasili na kikapu cha mihogo, aje kumsindikiza mkwewe kwenye basi la kesho. Hata hajamaliza kuitikia shikamoo, simu ya Hamisa ikaita. Simu yenyewe sikio lilikwishakufa, kila neno la nesi linatoka kwa spika.

"Mama, zile mimba zitakazoonekana na ugonjwa, unaridhia zitupwe? Mumeo ameshakubali. Bila kauli yako, kesho usijisumbue kupanda basi."

"Nipe muda kidogo, sista."

"Kidogo tu. Wenzako wako kwenye foleni." Akakata simu.

Bi Maryamu akaweka kikapu chini. "Mama Sabiri, wanatupwa akina nani?"

Hamisa akaeleza yote, macho yakiwa kwenye cherehani. Alipomaliza, bibi yule aligusa meno yake ya juu kwa kidole.

"Mimi nilianza kuota haya."

Hakuna Mzigua asiyejua maana yake. Mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, akaaminiwa kuwa ataumaliza ukoo, na zamani hakuachwa akaishi. Miaka yote ya ndoa hakuna aliyemnong'oneza Hamisa kwamba mama mkwe wake ni mmoja wao.

"Wazee walikaa kikao," alisema Bi Maryamu. "Walisema bila hasira, kama huyo nesi wako. Mama yangu akanifunga mgongoni akanikimbiza misheni."

"Mama, hawa si vigego. Huu ni ugonjwa. Sabiri alivyolia na mifupa ile..."

"Nilimbeba mimi. Usinifundishe kilio chake." Kisha akauliza taratibu, "Sabiri naye angekuwa kwenye hicho kichupa, wangemfanyaje?"

Jibu Hamisa alilijua, na lilimtisha kuliko sindano zote: Sabiri angetupwa, na mama yake ndiye angeridhia.

Alikumbuka wodi alikolazwa Sabiri. Dawa ya kutuliza maumivu, wakaambiwa wakanunue nje. Damu hakuna, waende wakalete ndugu. Ndugu walipofika, mtu wa maabara alikuwa semina.

Simu ikaita tena.

"Sista," alisema Hamisa, "nikikataa kuzitupa, nikapandikiziwa hata yenye ugonjwa, mnayo dawa ya huyo mtoto?"

"Sisi ni idara ya uzazi, mama. Mtoto akishazaliwa si wetu tena. Ni ndiyo au hapana?"

Hamisa alimgeukia mkwewe akingoja laana.

"Mwambie ndiyo," alisema Bi Maryamu. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. "Mama yangu alikuwa na pa kunikimbizia. Wewe huna."

"Ndiyo," alisema Hamisa.

"Sikusikia, mama. Sema kwa sauti, tunarekodi. Anza na majina yako kamili."

Akayataja yote matatu, kwa sauti, mpaka Yuditha akatoka dukani kwake kuja kuchungulia.